Mkono Usiofika Sikioni

Juzi, kwenye foleni ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza hapa Tunduma, mbele yangu alisimama baba mmoja mfugaji kutoka bondeni Momba. Binti yake alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni.

"Ana miaka mitano, mwalimu," baba alisema kabla hajaulizwa. "Mtendaji wa kijiji ndiye amesema nimlete."

Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, basi mwalimu akarudi kwenye kipimo cha zamani cha umri. "Binti, pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili."

Binti alimtazama baba yake kwanza, ndipo akapitisha. Vidole vilikoma juu kidogo ya sikio.

"Si unaona? Bado mdogo. Tutarudi mwakani."

"Hebu fungua mdomo, mwanangu." Meno mawili makubwa ya mbele yalikuwa yameshaota. "Mzee, meno haya si ya miaka mitano. Namwandika leo."

"Na huyu mdogo wake atabebwa na nani?"

"Na wewe."

Baba huyo hakunishangaza. Dada yangu mkubwa alirudishwa nyumbani miaka mitatu kwa sababu ya sikio hilo. Alipomaliza la saba, posa ilikuwa imeshapokelewa, na watoto wake nao walichelewa shule. Mdogo wangu alianza na miaka saba, akazaa baada ya chuo, na mwanawe alijua kusoma kabla ya kuandikishwa. Baba yetu ni mmoja.

Mabinti wadogo mno kwa shule nimewasikia wengi. Mdogo mno kwa posa, bado sijamsikia.