Kichuguu Nilichomsukia Kidonge

Mwalimu wa chekechea ameniganda kama kupe. Kila nikienda kumchukua mjukuu ananishika mkono pale mlangoni: "Bibi, tuandikie ile habari ya bembeani. Wazazi wanataka kujua mtoto apelekwe akiwa na umri gani." Nimemwambia shule niliiacha mapema, kalamu yangu ni kitana. Hasikii. Nimemwambia habari yenyewe inanitia aibu. Akasema ndiyo hiyo hiyo anayoitaka. Ni mbishi yule, ananishinda hata mimi, na mimi sijawahi kushindwa na mtu. Haya, naandika, lakini asije akanirekebishia kitu zaidi ya nukta.

Mimi ni msusi. Nasukia barazani kwangu, mimi kwenye kiti, mteja kwenye kibao cha chini, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Kioo sina. Mteja akitaka kujiona aende akajitazame kwenye dirisha la duka la jirani. Nimesuka mabibi harusi, nimesuka wafiwa, nimesuka wasichana ambao leo wananiletea binti zao. Nimeshawahi kumfumua mtu kichwa kizima kwa sababu ya njia moja iliyopinda kisogoni, na mwenyewe alikuwa ameridhika kabisa, anataka kwenda zake. Kwangu hatoki mtu na njia iliyopinda. Ndivyo nilivyo, na nilikuwa najisifia hivyo.

Binti yangu ana watoto wawili wa kike. Mkubwa yuko darasa la pili, mpole, ana haya kama baba yake. Mdogo ana miaka minne, sisi tunamwita Kidonge, maana ni kadogo halafu ni kachungu kakinyimwa kitu. Kidonge haendi popote bila kushika sketi ya dada yake. Chooni anamsubiri mlangoni, dukani anamfuata, hata usingizini mkono uko pale pale.

Ilipofunguliwa bustani ya michezo upande wa pili wa mji, yale mabembea yake makubwa yakawa yanaonekana hadi kwetu, viti vinaning'inia kwa minyororo na kuzunguka juu juu. Mkubwa akaahidiwa kupelekwa Jumamosi moja. Kidonge akauliza, "Dada akipanda kule juu, mimi nitamshika wapi?"

Hapo ndipo mabishano yalipoanza nyumbani.

"Kidonge asubiri afike sita," binti yangu akasema. "Nimeuliza, Mama. Vile viti hawapandishi mtoto mfupi. Tumpeleke akatazame wenzake halafu alie mpaka jioni?"

"Wewe nilikusubirisha nini?"

"Mimi hakukuwa na cha kusubiri."

Nikalipeleka neno barazani, nikadhani wateja wangu watakuwa upande wangu. Ikawa vurugu. Mmoja, muuza maziwa, akasema wake alimpeleka na miaka miwili. "Alilala tangu getini. Nilizunguka na mzigo mgongoni kama hamali, nikaona farasi wa mbao nikampungia mkono peke yangu."

Yule niliyekuwa namsuka akajibu kichwa kikiwa kimeinama, "Wafike kumi. Chini ya hapo umepeleka tumbo tu, likajae soda na kutapika."

"Kumi? Wakifika kumi hawataki hata uonekane nao."

"Basi usiwapeleke, nenda mwenyewe. Wewe si ndiye unayetaka farasi?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, nilishaamua. Wao walikuwa wanazungumza miaka, mimi nilikuwa na akili yangu. Kule kwenye viti vya minyororo anayewapima watoto kimo ni mteja wangu. Ni msichana mmoja ninayemwita Mliaji, kwa sababu nikimshika tu nywele za kisogoni machozi yanamtoka, na bado anarudi. Nikajiambia huyu atanikatalia nini, huyu aliyelala magotini kwangu?

Na urefu nao nikauona ni kazi yangu. Ijumaa nikamkalisha Kidonge kwenye kibao. Nikamsuka kwa uzi, mafundo yakasimama, nikayakusanya yote utosini, nikajaza rasta, nywele za dukani, ndani, nikafunga. Kikasimama kichuguu. Mkubwa akakitazama, akasema taratibu, "Bibi, hicho si kichwa chake." Nikamwambia anyamaze. Binti yangu alirudi kazini jioni, akakiona, akanitazama mimi. Alikuwa na zamu kesho yake, hivyo wa kuwapeleka nilikuwa mimi. Alichosema ni, "Mama, wakimkataa, umwondoe vizuri."

Nani akataliwe, mimi nipo?

Jumamosi foleni ilikuwa ndefu. Mbele kulikuwa na ubao umechorwa sungura amesimama, mkono ameunyoosha. Mtoto anapita chini ya ule mkono. Kichwa kikiugusa anapanda, kisipougusa anaelekezwa kwenye vikombe, vile vinavyozunguka chini chini. Mliaji alikuwa pale na sare yake, kichwani kazi yangu ya wiki iliyopita, njia zimenyooka. Akaniamkia kwa adabu. Mkubwa akapimwa, akapita. Kidonge akasimama. Kichuguu kikaugusa mkono wa sungura, hata kikauzidi. Nikawatazama watu wa nyuma yangu, nikajiona nimemaliza kazi.

Mliaji akasema, "Bibi, samahani, naomba niweke mkono."

"Wa nini? Si amegusa?"

"Nywele zinabonyea, Bibi."

"Hizo ni nywele zake."

Kidonge akadakia, na sauti yake mnaijua, "Si zangu, Bibi. Umezinunua juzi, za rangi ya kahawa."

Foleni nzima ikacheka. Mliaji hakucheka. Akaweka kiganja juu ya kichuguu, akabonyeza polepole, kikashuka, kikashuka, mpaka mkono wake ukakutana na kichwa chenyewe, chini ya mkono wa sungura, chini sana.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikaanza kumwambia yule msichana, mbele ya watu, "Kichwa chako hicho nani kakisuka?"

"Ni wewe, Bibi."

"Basi."

"Ndiyo maana najua ndani kuna nini." Kisha akanisogelea, akapunguza sauti, ananistahi bado. "Bibi yangu, ule mkanda wa kiti unapita kifuani kwa mtu mrefu. Kwa huyu unapita shingoni. Akichomoka kule juu, mama yake nitamwambia nilimpitisha kwa sababu wewe ni msusi wangu?"

Na mtu kama mimi, akikosa la kujibu hanyamazi. Nikamwinamia Kidonge nikamwambia, "Simama kwa vidole."

Akasimama kwa vidole. Akajinyoosha mpaka shingo ikatoka mishipa, miguu inatetemeka, macho yamenikodolea mimi, anasubiri nimwambie imetosha. Watu waliacha kucheka. Ni heri wangeendelea. Mliaji akapiga magoti mbele yake, akamwambia, "Shusha visigino, mama. Hujakosa kitu." Hakushusha. Alikuwa ananisikiliza mimi.

Nikageuka nimwite mkubwa atusaidie. Mkubwa hakuwepo pembeni yangu. Alikuwa amejibanza nyuma ya familia nyingine, karibu na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kama vile alikuja nao. Alipoona nimemwona, akatazama chini. Viti vilipofunguliwa akapanda peke yake, akazunguka kule juu, hakutupungia.

Tulirudi nyumbani. Nilitembea upande wa ukuta ili nisitazamane na watu, kana kwamba mji mzima ulikuwa kwenye ile foleni.

Nilidhani limekwisha. Kesho yake Kidonge akawa anatembea kwa vidole kutoka chumbani hadi jikoni. Nikasema ni mchezo. Nikataka kumfumua, akakishika kichuguu kwa mikono miwili, akapiga kelele. "Nitakuwa mfupi." Jumatatu, chekechea, watoto wakaambiwa wajipange kwa kimo waende kunawa mikono, yeye akaenda kujificha nyuma ya mlango wa stoo ya magodoro, wakamtafuta. Ndipo mwalimu alipoanza kuuliza maswali.

Binti yangu alikuja barazani wateja walipoondoka, akakaa kwenye kibao cha chini. Hakuwa amekaa pale tangu aolewe. Nikadhani anataka kusukwa, nikapeleka mkono kwenye kitana.

"Mama, sikuja kukugombeza."

"Sema."

"Huyu mtoto hakuwa mfupi kabla ya Jumamosi ile."

Mimi nikawa naokota vipande vya nyuzi sakafuni, kimoja kimoja. Kwa umri wangu huu nimeambiwa mengi, mengine ya matusi, na kila moja nimelirudisha lilikotoka. Hili halikuwa na pa kurudi.

Nikamwomba aniachie Kidonge Jumamosi nyingine. "Ya nini?" Nikasema, "Nimwondoe vizuri. Nimechelewa, lakini niachie." Akakubali.

Asubuhi yake nilimwambia Kidonge kwamba leo Bibi ndiye anakwenda kupimwa. Hilo alilipenda. Kichuguu hakukiachia, nikakiacha. Mkubwa naye alikuja, lakini alitembea mbele, hatua za mtu asiye na ndugu.

Foleni ilikuwa kama ile ile. Mliaji aliponiona uso ukamkunjamana, maskini, akadhani naleta vita. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Wiki ile nilikukosea hapa hapa, mbele za watu. Nimekuja kukuomba radhi mbele za watu. Sasa nipime."

"Bibi, wewe hupimwi."

"Nipime."

Mimi ni mfupi, walionizoea wamesahau. Natoka na kilemba kirefu na viatu vyenye kisigino, na barazani huwa nimekaa kitini. Nikavua kilemba. Nikavua viatu, vumbi na mawe madogo chini ya nyayo. Nywele zangu ni nyeupe na zimepungua katikati, msusi hataki zionekane, na nilikuwa sijawahi kumwonyesha mtu nje ya nyumba yangu. Nikasimama chini ya sungura. Mliaji akaweka kiganja utosini pangu, akabonyeza kama alivyombonyeza mtoto.

Akasema, "Umepita, Bibi. Lakini si kwa kujivunia."

Watu wakaangua kicheko. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mpeni Bibi vikombe." Nikamwacha aseme. Kidonge alinizunguka, akanitazama kichwa, akanitazama miguu, kisha akacheka na yeye, kicheko cha kwanza tangu siku ile. "Bibi, kumbe na wewe."

"Na mimi."

Akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi, mgongo kwenye magoti yangu. "Fumua." Nikamfumua foleni ikisubiri, fundo moja moja kama mwanafunzi. Akasimama kwenye ubao, visigino chini. Mliaji akampima.

"Bado."

"Bado kiasi gani?"

Mliaji akaonyesha kwa vidole vyake. Kidonge akavitazama, akafikiri. "Si vingi," akasema, akaenda kwenye foleni ya vikombe.

Sitawadanganya kwamba aibu imekwisha. Mkubwa siku ile hakunishika mkono kurudi, na hata leo tukifika penye watu hutangulia mbele. Simlaumu. Mwalimu anataka umri. Umri siujui, hata barazani hawaujui. Ninachojua ni kwamba mtoto alikuwa tayari kuambiwa hapana. Mtu mzima aliyemshika mkono ndiye alikuwa bado.

Sasa wewe uliyekaa unasoma na kunicheka, inuka. Mwite mtoto wako, msimamishe penye fremu ya mlango bila viatu, weka kiganja juu ya kichwa chake, chora mstari, mwambie kimo chake kwa sauti bila kumwongezea hata unywele. Kisha simama na wewe, umwachie yeye achore. Ukimaliza njoo barazani uniambie. Na usiponiambia, nywele zako tafuta wa kuzisuka.