Mtamba Mwenye Uso Mweupe

Ungemwona Micah Kosgei akiingia zizini na kamba begani, usingedhani kwamba ni mtu wa kuogopa kitu. Alikuwa pandikizi la mtu, shingo nene, mikono ya kumshika maksai pembe akamlaza chini kama anayelaza mtoto. Mafahali wote wa Solai walimheshimu. Lakini nitasema ukweli, kwa maana sina faida ya kumpamba: Kosgei alikuwa mwoga. Aliyelijua jambo hilo ni mkewe tu, Jelagat, na Jelagat hakuwa mtu wa kumwaibisha mumewe.

Usimcheke upesi. Alizaliwa katika shamba lile lile la mzungu alilofanyia kazi, baba yake akiwa Mtugen aliyeshuka na ng'ombe wake wachache kuomba malisho na kulipa kwa jasho. Hakuwa na kwao kwingine. Mwaka wa hamsini na tatu, siku za Hali ya Hatari, alimwona jirani yake Wanyoike, dereva wa trekta, akipakiwa kwenye lori la polisi pamoja na mkewe Wariara na watoto, kwa kosa la kuwa Wakikuyu. Sufuria yao ya maharagwe ilibaki ikichemka. Kosgei ndiye aliyeingia kuuzima ule moto. Haukupita muda mrefu, mchungaji mwingine, huyu Mtugen mwenzake kabisa, akafukuzwa pamoja na mifugo yake kwa sababu ng'ombe wake alipandwa na fahali wa mzungu. Kutoka siku hiyo Kosgei alijua kwamba boma lake ni kitu cha kuondolewa kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Amri ilikuwa hiyo, na kila skwota, yaani kila aliyelipia malisho ya mzungu kwa kazi, aliijua. Ng'ombe wako kaa naye, lakini fahali wa Bwana usimguse. Bwana huyo watu walimwita Bwana Mluzi, maana aliwaita wafanyakazi kwa kupiga mluzi, kama mtu anayeita mbwa. Fahali wake alitoka ng'ambo, mwekundu, mwenye uso mweupe pe. Damu ya fahali wa namna hiyo haifichiki. Mpandishe kwa ng'ombe mweusi, mpandishe kwa mwenye madoa, ndama atazaliwa na uso mweupe, na kila mtu atajua baba ni nani.

Sasa sikia alichofanya Jelagat. Mchana mmoja wa kiangazi, Kosgei akiwa kwenye josho akiogesha ng'ombe, mama huyo aliinua waya wa ua kwa jembe, akamwingiza ng'ombe wake kwa fahali, akamtoa, akaurudisha waya mahali pake, akaenda zake kuchota maji. Hakumwambia mumewe mpaka mimba ilipoonekana. Nadhani siku woga ulipogawiwa, Kosgei alichukua fungu la wote wawili.

"Umetuua," Kosgei alimwambia.

"Nimetupatia ng'ombe," alijibu Jelagat. "Baba Jepkorir, wewe unachunga wazuri wa watu kila siku. Mmoja tu awe wetu, kuna ubaya gani?"

Ndama alizaliwa jike, mwekundu, uso umejaa weupe utadhani ameuzamisha katika povu, na Jelagat akampa jina la Sabuni. Kosgei hakuona raha hata siku moja. Kila asubuhi alimpaka ndama masizi na samli usoni, na kila adhuhuri ndama alikuwa ameyalamba au ameyapangusa kwenye kiwele cha mama yake. Mluzi wa Bwana ukisikika bondeni, Kosgei alimsukuma ndama nyuma ya nyumba. Mwishowe alimchukua ndama akampeleka kule rizavu, ardhi waliyotengewa Watugen, upande wa Emining, kwa shemeji yake Kipchoge, ndugu ya Jelagat. Huko Sabuni alikua. Kosgei alimtembelea kila alipopata ruhusa, akimpa chumvi kwenye kiganja, na ndama akaijua sauti yake.

Mwaka wa hamsini na nane Bwana Mluzi alichoka na ngano. Ugonjwa wa kutu ulikuwa umeila misimu miwili mfululizo. Akamwita Kosgei, wakati huo nyapara wa ng'ombe, akamweleza mpango wake kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja.

"Mimi nataka anza ng'ombe ya nyama. Hapana taka ile ya Ulaya tupu, homa ya kupe, ile ndigana, nakwisha yeye yote. Nataka mitamba chotara. Karantini nafunguliwa, mnada iko Mogotio. Wewe nachagua."

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa heshima. Kosgei alirudi nyumbani akiwa hana hamu ya kula. Akichagua vibaya, wakifa wote, nani atalaumiwa? Jelagat alimsikiliza mpaka mwisho, akamtilia uji kibuyuni, akasema atachagua vizuri kama kawaida yake. Alikuwa na uchangamfu fulani ambao Kosgei, kwa mawazo yake, hakuuona.

Siku ya mnada vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye kope. Serikali ilikuwa imeamuru kila boma la rizavu lipunguze ng'ombe, kwa hiyo watu walikuwa wengi na nyuso zimekunjamana. Sheria ya uwanja ilikuwa moja: aliyeingia zizini harudi kwao. Aliyechaguliwa kwa kuzaa alipakwa rangi ya buluu mgongoni, na aliyebaki alipakwa nyekundu, akapandishwa lori kwenda kwa wachinjaji wa Bondeni, Nakuru.

Kosgei alianza kazi, na kazi ilimtuliza kidogo. Huyu mgongo umenyooka, kifua kipana, achukuliwe. Huyu nyonga ni nyembamba, ndama wake wa kwanza atakwama, aachwe. Huyu anazungusha macho na kurusha mateke, naye mkali mmoja hufundisha kundi zima ukali, aachwe. Alitaka wale waliochukua urefu na nyama kwa baba, na ngozi ngumu na uvumilivu kwa mama. Bwana Mluzi alimfuata nyuma na makopo mawili ya rangi, akipaka kila alipoambiwa.

Ndipo akamwona.

Alisimama kwenye kona ya zizi, mwekundu, mrefu, miguu minne imara, uso mweupe ukiangaza katikati ya vumbi lile. Nje ya ua, shemeji Kipchoge alikuwa akimpungia mkono, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi.

Kosgei aliishusha fimbo yake. Akasogea kwenye ua, akamwambia Kipchoge kwa Kitugen, bila kumtazama, "Shemeji, umefanya nini?"

"Nilisikia ni wewe unayechagua," Kipchoge alisema kwa furaha. "Anarudi nyumbani kwa mlango wa mbele. Tena ana mimba, miezi minne. Mchague tu."

"Nyamaza! Nyamaza, kwa ajili ya watoto wangu."

Kutoka hapo Kosgei hakusema neno tena. Aliogopa Sabuni ataitambua sauti yake. Alionyesha kwa fimbo tu, huyu ndiyo, huyu hapana, na Bwana alipouliza akajishika koo na kukohoa, kana kwamba vumbi limemziba. Ilikuwa kazi bure. Sabuni alikuwa amekwisha kumwona. Alijipenyeza katikati ya wenzake, polepole, bila haraka wala wasiwasi, akaja mpaka alipo, akanyoosha shingo na kuulamba mkono wake, akitafuta chumvi.

Bwana Mluzi alisimama akatazama. Alimzunguka yule mtamba. Akampapasa nyonga, akamshika ngozi ya ubavuni, akatazama kiwele.

"Hii naona mzuri kupita yote," alisema. "Na mpole sana. Kwa nini hapana chagua?"

Kosgei alipiga hesabu haraka. Akimchagua, atatembea naye mpaka Solai, na kila jioni mtamba huyu ataacha kundi na kuja kusimama mlangoni pa nyumba yake, mbele ya watu wote. Bwana atauliza ng'ombe wa rizavu amemjuaje nyapara. Atauliza uso huo mweupe umetoka wapi, na fahali wa namna hiyo ni mmoja tu bonde zima. Aliona lori. Aliona Jepkorir na ndugu zake juu ya magunia. Aliona sufuria inayochemka, na mtu mwingine akiingia kuuzima moto. Akakasirika pia, akamkasirikia Kipchoge, akamkasirikia Jelagat, akamkasirikia mtamba mwenyewe kwa kumpenda.

"Huyu ni tasa, Bwana," alisema.

"Tasa? Namna gani?"

"Ni pacha. Alizaliwa pamoja na dume. Mwenyewe ameniambia." Akaelekeza fimbo kwa Kipchoge. "Jike wa namna hiyo hazai. Kwa macho utamwona mzuri, lakini ndani hana kitu."

Uongo huo ulikuwa wa mtu anayeijua kazi yake, maana ni kweli mitamba wa namna hiyo hutokea, na huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Kipchoge, kule kwenye ua, alifungua mdomo. Alimtazama mume wa dada yake, akaona uso ambao hakuwahi kuuona, akaufunga.

Bwana Mluzi alimtazama mtamba, akamtazama Kosgei, akamtazama tena mtamba.

"Kosgei. Wewe nasema kweli?"

"Kweli, Bwana."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa, Bwana."

"Haya," alisema Bwana. "Wewe ndiyo najua ng'ombe." Akamwekea mkononi kopo la rangi nyekundu. "Paka."

Kosgei akapaka. Sabuni alisimama ametulia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kuogopa mkono ule. Mlango wa lori la Nakuru ulipofunguliwa, wengine walipigwa fimbo ili wapande. Yeye alipanda mwenyewe.

Kundi jipya lilipelekwa Solai kwa miguu, na njia nzima Kosgei aliwaza jambo moja tu: tumepona. Alilisema kimoyomoyo kama sala. Ndiyo, aliumia, nisimwonee, aliumia sana, na mara mbili alijitenga na wachungaji wengine akajifanya anatafuta mtamba aliyepotea ili wasimwone usoni. Lakini boma lake lilikuwa limesimama. Watoto wangelala pale pale walipolala jana.

Jelagat alikuwa langoni pa zizi kubwa, amevaa kitambaa kipya kichwani. Alisimama upande mmoja, mitamba wakaingia mmoja mmoja, naye akimtazama kila mmoja usoni. Wa mwisho alipoingia, aliendelea kutazama njia iliyobaki tupu. Kosgei akafunga lango. Wakaenda nyumbani, na mlango ulipofungwa ndipo akamweleza yote, kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie. Alimweleza habari za Kipchoge na wazimu wake. Alimweleza jinsi alivyowaokoa.

Jelagat aliketi kwenye kigoda.

"Kipchoge hana kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Wewe?"

"Bwana alipoanza kusema machotara, nilimwendea. Nilimkuta pale kwenye josho, nikamwambia yote. Waya, fahali, ndama, yote. Nilimwambia ni mimi, wala wewe hukuwepo."

Kosgei alishika ukuta. Hata wakati huo kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa hofu. "Akasema nini?"

"Alikasirika kidogo. Halafu akacheka. Akasema Sabuni aletwe mnadani, atamnunua kihalali kama wengine, na maneno yaishe hapo."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

Jelagat alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko tusi lolote. "Ningekuambia, ungenikataza. Ungeogopa, Baba Jepkorir. Ungemhamisha mbali zaidi tusimwone tena."

Ilikuwa kweli, na Kosgei alijua. Akakumbuka yule mzungu amesimama zizini, akimuuliza mara ya pili. Akaelewa alikuwa akiulizwa nini. Bwana hakumfukuza kwa jambo hilo, wala hakulitaja kamwe, lakini hakumpa tena kazi ya kuchagua ng'ombe. Alipohitaji mitamba wengine alimleta mtu wa kutoka Subukia, na Kosgei akawa wa kufungua na kufunga milango ya zizi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni hiyo walikaa tu, yeye na mkewe, na nje mitamba wageni walikuwa wakilia kwa ugeni wa mahali.

"Sabuni alikutambua?" Jelagat aliuliza.

Siku ya mnada Kosgei alikuwa amemdanganya mzungu uso kwa uso, mara tatu, bila kupepesa. Sasa alitaka kudanganya mara moja tu zaidi, na neno lilikuwa dogo. Alilitafuta, likamkataa.

"Alinitambua," alisema.