Goti Lisilolia

Vuta kigoda ukae. Magoti yako yakilia unapokaa, usione haya; hapa kwangu mlio huo hauchekwi. Yangu yalianza nikiwa msichana. Nikiinuka tu jikoni, kah, kama ukuni mkavu. Hayakuuma, wala sikuyafikiria mpaka nilipoolewa kijijini Buger, kwenye nyumba ya mama mkwe ambaye masikio yake hayakupitwa na kitu.

Wiki ya kwanza aliniita mgonjwa. Ya pili akasema mwanawe amepewa mke aliyechakaa, kama gari kuukuu lililopakwa rangi. Alikuwa na hakika kwamba mafuta ya magoti yangu yameisha, maana ndivyo wengi wetu tunavyoamini: goti lina mafuta, ukifanya kazi sana yanakauka, mifupa inaanza kusagana. Nikanyweshwa maji ya bamia asubuhi na supu ya makongoro jioni. Magoti yakaendelea kulia.

Mume wangu, ambaye huendesha watalii kwenda kreta ya Ngorongoro, alidhani atapoza mambo kwa utani. Akamwambia mama yake kwamba hata pofu, yule mnyama mkubwa mwenye pembe zilizosokotwa, magoti yake hulia akitembea, na dume lenye mlio mzito ndilo linaloogopwa na wenzake. Mama mkwe alichukua jina akaacha maelezo. Tangu siku hiyo nikawa Pofu.

Jina ningelivumilia. Lakini nilikuwa na kipande cha maharage kule mteremkoni, nilichopewa nilipoolewa, na kwao shamba ni la anayeweza kulilima. Mama mkwe akaanza kuwaambia majirani kwamba asiye na magoti hana haja ya shamba. Kipande apewe mke wa shemeji yangu, ambaye huchuchumaa kimya. Alipanga kukata neno siku ya palizi, mbele ya watu, ili nisije nikakana.

Siku hiyo majirani walikuja na majembe yao, kama tunavyosaidiana kwa zamu. Tukajipanga, tukaanza kushuka na mistari. Kila nilipochuchumaa mama mkwe alitangaza.

"Mmesikia? Pofu amekuja kunywa maji."

Watu walicheka, wengine kwa kumwogopa. Mimi nilipalilia. Mistari yangu ilikuwa safi na yeye aliiona, na hilo lilimuudhi zaidi.

Tulipoitwa kula, wote waliinuka isipokuwa yeye. Alijifanya anang'oa gugu. Nikaona ameshika udongo kwa mikono yote miwili, jasho likimtoka puani, ilhali upepo wa kutoka Ngorongoro ulikuwa unatutetemesha sisi wengine. Nikaenda nikapiga goti kando yake, kah, nikaweka kiganja juu ya goti lake. Lilikuwa limejaa kama boga, na joto lake lilipenya kanga mbili.

"Toa mkono wako," alisema. "Goti langu halijalia hata siku moja."

"Ndiyo, mama. Limevimba kimya kimya."

"Unataka nife ubaki na shamba."

"Nataka uende hospitali. Ya shamba tutagombana ukirudi."

Mume wangu alimbeba hadi kwenye gari. Mama mkwe alinitukana njia nzima mpaka Karatu. Hospitalini daktari alivuta usaha gotini kwa sindano, akamlaza na kumwanzishia dawa. Alisema wadudu wameingia ndani ya kiungo, na uvimbe wa namna ile haungoji. Tungechelewa, goti lingeharibika kabisa.

Dripu ikiwa mkononi, mama mkwe alininyooshea kidole. "Huyu ndiye wa kutibiwa. Magoti yake yanapiga kelele hata kanisani."

Daktari alinikalisha, akayakunja na kuyakunjua magoti yangu, kiganja chake kikiwa juu. Akauliza kama yanauma, yanavimba, yanakwama au yanalegea ghafla nikitembea. Nikajibu hapana kwa yote. Basi akatueleza, nami nakueleza vilevile. Ndani ya kiungo kuna ute unaolainisha. Mara nyingi mlio ni wa viputo vya gesi ndani ya ute huo. Mara nyingine ni ukano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, unaoteleza juu ya mfupa. Ute hauishi kwa sababu ya kazi. Mwili huutengeneza wenyewe, na kiungo kinapenda kutembezwa. Misuli ya paja ikiwa na nguvu, hulisaidia goti kubeba mzigo. Bamia ni mboga nzuri, ila haiendi gotini.

"Mmemlisha nini daktari huyu?" mama mkwe aliuliza.

Aliporudi nyumbani alikaa mlangoni, mguu ameunyoosha. Nilichukua jembe langu nikasimama mbele yake, nikingoja neno lake kuhusu kile kipande.

"Lima basi," alisema. "Ila anzia kule mwisho, nisikusikie."

Hajanishukuru mpaka leo, na Pofu bado ni jina langu. Maharage nayavuna mimi.

Nawe goti lako likilia, weka kiganja juu yake, ulilinganishe na la pili. Kama haliumi, halijavimba, halina joto wala halikwami, inuka uendelee kutembea. Kama lina mojawapo ya hayo, hata liwe kimya, nenda kituo cha afya. Na kama limevimba ghafla na lina moto, nenda leo hii.