Msichana wa Katuni Asiye na Mikono

Majirani walimwita Mama Katuni, ingawa hakuwa na mtoto. Watoto wake walikuwa wale aliowachora kwenye kompyuta. Alifanyia kazi sebuleni kwa mama yake, kwenye meza iliyobanwa kati ya kochi na friji. Aliyeichonga meza hiyo ni kaka yake, seremala, kiziwi tangu utotoni.

Safari hii kazi ilikuwa ya kaka zaidi kuliko yake: katuni ya msichana anayesimulia hadithi kwa lugha ya ishara, kwa ajili ya darasa la watoto viziwi. Jioni nyingi kaka aliiacha randa yake, akasimama mbele ya kamera akionyesha ishara moja moja, naye dada akachora mikono kwa kumfuata. Mchana huo walikuwa waende wote wawili kuionyesha. Kaka alikuwa ameshapiga pasi shati.

Asubuhi dada akairenda, yaani akaiachia kompyuta iunganishe michoro yote iwe video. Ikatoka. Msichana anatabasamu, anatikisa kichwa, nywele zinapepea, mikono hana! Mabega yameishia hewani.

Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akapunguza ukubwa wa picha. Akarenda kipande kifupi tu. Akalaani joto, akalaani umeme. Mikono ng'o. Hofu ikishamkaba mtu hutafuta wa kumtwika lawama, na aliyekuwa karibu ni kaka, ambaye jana yake alikalia kiti cha kompyuta kutazama uso wa msichana kwa karibu.

"Mama, ni huyu bubu!" akapayuka. "Kashikashika vitu asivyovijua!"

Neno hilo, bubu, halikuwa likitamkwa nyumbani mle. Mama aliwahi kumwinua mjomba mezani kwa kulitumia. Naye Mama Katuni alilitamka akiwa ameelekea mlangoni, na mlangoni alisimama kaka, shati mkononi. Kaka husoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti. Akalikunja shati lake vizuri, akaliweka juu ya kochi, akatoka uani.

Dada akarudi kwenye skrini kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuangalia. Ndipo alipoona. Mchoro hupangwa kwa matabaka, na kila tabaka lina alama ya jicho pembeni. Likifumbwa, tabaka halionekani. Jicho la tabaka la mikono lilikuwa limefumbwa. Alilifumba mwenyewe wiki iliyopita, kompyuta ilipokuwa ikikwama kwa uzito wa vidole vyote vile, kisha akasahau. Akabofya mara moja. Mikono ikarudi, mikono ya kaka kabisa, hadi kile kidole kilichokatwa ncha na msumeno. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Umepata?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimepata, mama. Ni mimi."

"Mimi usiniambie. Wa kuambiwa yuko uani."

Alimkuta ameketi juu ya mbao zake. Akasimama mbele yake, akainua mikono, akaanza kuomba radhi kwa ishara. Kaka alimtazama usoni kwa muda. Kisha akafumba macho.

Kupiga kelele kusingemsaidia. Alikuwa ameshapiga za kutosha. Akabaki amesimama pale, mikono ikiwa bado hewani, akisubiri kaka yake afumbue.