Magauni ya Apio na Adongo

Usiku ule Patricia alipopelekwa Tororo kujifungua sikulala. Nilikaa jikoni kwetu Busia, simu mapajani, nikiichungulia kama mtu anayemchungulia mgonjwa aone kama bado anapumua. Mwanangu Edwin alikuwa ameondoka na mkewe. Majogoo walikuwa wameshaanza kuwika alipopiga.

"Mama, ni wasichana."

"Wasichana gani? Sema vizuri."

"Wawili."

Nikakaa chini. Furaha ilikuja, na hofu ikaja nyuma yake, maana kwetu mapacha hawapokelewi kama watoto wengine. Mama yao akishaingia nao nyumbani, mlango hufungwa, na hatoki nao mbele za watu mpaka mwanamke aliyewahi kuzaa mapacha aje kuufungua, ukoo wa mume na ukoo wa mke wakiwa uani. Siku hiyo watoto hutoka wamevaa sawasawa. Anachopewa Apio, wa kwanza kuzaliwa, ndicho anachopewa Adongo, wa pili. Ukimpendelea mmoja, wazee husema, mwenzake hukasirika na kurudi alikotoka.

Edwin mguu wake wa kulia ulikauka tangu utotoni. Kazi yake ni kuvusha mizigo mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Amevusha sabuni na mafuta ya kupikia mpaka mikono imekuwa minene kama mapaja ya watu wengine. Alipokwenda Iyolwa, kwao Patricia, kuposa, shangazi yake Patricia alimuuliza mbele ya wote, "Wewe mwenyewe unabebwa na baiskeli. Watoto wa mtoto wetu utawavisha nini?"

Basi wiki ile ya kufungua mlango akaniambia, "Mama, nguo za kutokea nitashona mwenyewe."

"Wewe? Hata kifungo hujawahi kushona!"

"Si Aidah alisema baba ndiye anavisha?"

Aidah ndiye mama wa mapacha tuliyemwomba aje Jumamosi. Alisema hivyo kweli, lakini akina baba wengine wote hununua dukani.

Edwin akaazima cherehani ya mkono kwa jirani. Akanunua kitenge upande wa Kenya, kipande cha mwisho katika duka lile, chenye ndege wadogo wa miguu mirefu. Akatandaza kigauni cha mtoto wa jirani juu ya kitambaa, akachora pembeni yake kwa kipande cha sabuni, akakata. Lilikuwa gauni jepesi lisilo na mikono, mbele na nyuma sawa, la kuunganishwa mabegani na ubavuni. Alipoanza kushona, alizungusha mpini kama anapanda mlima na magunia. Uzi ukakatika. Akautunga tena, ukakatika tena.

"Polepole, baba," nikamwambia. "Hakuna askari anakufukuza."

Akacheka. Kisha nikaona mkono ule mkubwa ukitulia, na wa kushoto ukikiongoza kitambaa taratibu kama unamshika mtoto mkono avuke barabara. Mshono ukanyooka. Maharage yaliungua jikoni, nami nimesimama pale pale.

Ijumaa mchana magauni yalikuwa tayari, akayalaza kitandani. Niliona kabla yake. Mimi mabaya huyaona upesi. Kwenye gauni moja ndege walisimama. Kwenye jingine walikuwa vichwa chini, miguu juu, kama kuku wanaopelekwa sokoni. Alipokuwa akikata, alikigeuza kitambaa bila kujua.

Kesho watu wa Iyolwa wangekuwa uani. Aidah hafungui mlango kwa nguo zisizofanana. Patricia angebaki ndani, na yule shangazi angerudi kwao na maneno yake yakiwa kweli.

"Edwin," nikasema. "Ndege."

Akatazama. Akatazama tena. Nilidhani atalia.

"Na kitambaa kimekwisha," nikasema.

"Mama, mzigo ukilalia upande mmoja, nafanyaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Siongezi mwingine. Natoa huku, naweka kule."

Akachukua wembe, akaanza kufumua mishono ile aliyoitolea jasho, uzi kwa uzi, bila kuchana kitambaa. Akatoa kipande cha mbele cha gauni moja, akakipeleka kwa jingine, na cha jingine akakileta huku. Akashona upya. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila gauni sasa lilikuwa na ndege waliosimama upande mmoja na waliopinduka upande wa pili. Yote mawili, na kwa kuwa mbele na nyuma zilikatwa sawa, upande wowote ungeweza kuwa mbele. Huyu nilimzaa, nikamwogesha, nikaukanda mguu ule kila jioni, na bado nilimtazama kama mgeni mkubwa aliyeingia nyumbani kwangu.

Jumamosi uani palijaa. Siku ya mapacha matusi ndiyo heshima, na Aidah hakutubania.

"Baba mapacha! Hiyo mguu watu wanasema ni mbaya imeleta wawili mara moja! Kama ingekuwa nzima, si ungejaza Busia yote?"

Watu wakaangua kicheko. Aidah akayachukua magauni, akayageuza.

"Na hizi ndege za nyuma zimelewa?"

"Hapana, mama," Edwin akasema. "Wa mbele wanavuka mpaka. Wa nyuma wanarudi."

Shangazi wa Iyolwa hakucheka. Aliyaomba magauni, akalaza moja juu ya jingine, akalinganisha mabega, akalinganisha pindo, akayapindua, akaanza upya.

"Nani ameshona?"

"Mimi," Edwin akasema.

Akamtazama mikono kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia Aidah magauni. "Ni sawa. Wavisheni."

Aidah akayapitisha dirishani. Tukangoja. Ndani mtoto mmoja akalia, halafu wa pili akamfuata. Aidah akaugeuzia mlango mgongo, akaupiga kwa kisigino mara moja kwa ajili ya Apio, mara ya pili kwa ajili ya Adongo, ukafunguka.