Bango la Baba Shiro

Wacheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Kingsbury, maana huko hadithi imeshatiwa pilipili: ndiyo, mimi ndiye yule msichana aliyesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, kipaza sauti mkononi, akampa baba yake ushindi wa mtu mwingine, na mwenye ushindi ameketi mstari wa tatu anakula sambusa. Aibu niliipata na niliistahili. Lakini kuna wanaosema baada ya hapo ningejificha nyumbani na kunyamaza, na hao hasa ndio ninaotaka wasome hii.

Naitwa Wanjiru, nyumbani Shiro, nimezaliwa hapa hapa London, na mpaka nilipofika miaka kumi na tisa mama alikuwa ananisemesha Kiswahili namjibu kwa Kiingereza. Halafu nikaona aibu nikajifundisha. Vitu vyangu vyote nimejifundisha, kushona, Kiswahili, na sasa historia, ambayo sina cheti chake hata kimoja. Kazi yangu ni kupangia watu miadi kwenye kliniki ya meno. Pia ni mtu wa wasiwasi. Barua pepe ya mistari miwili naisoma mara sita kabla ya kuituma, halafu naisoma tena ikishaenda (hapo ndipo naona kosa).

Sasa, timu. Kabla sijazaliwa Wakenya wa upande wetu walikuwa na timu ya besiboli. Msicheke. Ilianza na Auntie Nyambura na manesi wenzake, ambao Jumapili baada ya kanisa walikuwa wanacheza raundaz, ule mchezo wa kupiga mpira na kukimbia vituo, kwenye bustani kama walivyocheza shuleni, waume zao wamekaa kwenye nyasi wanawacheka, mpaka Mmarekani mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akawaambia mchezo huo ni ndugu wa besiboli na kwamba kuna ligi, ya chini kabisa, inatafuta timu moja ya kukamilisha idadi. Waliojiandikisha ni waume (angalieni hapo, si wake waliojua kucheza). Wakajiita Kanga wa Kingsbury. Walicheza misimu mitatu na wakapigwa kila mechi isipokuwa moja, kisha shifti za kazi na watoto wachanga zikaimaliza timu. Hakuna aliyetangaza kwamba imekufa. Jumamosi moja tu watu tisa hawakupatikana, na iliyofuata pia.

Auntie Nyambura ndiye aliyekuwa karani wao wa kuandika alama, na daftari lake alilitunza miaka yote kwenye mfuko wa supamaketi juu ya kabati. Aliponipa, nilikaa nalo kipupwe kizima. Nilinakili kila mechi, kila jina, na nikaenda maktaba ya Harrow kuuliza kama wana nafasi kwenye ule ukuta wa historia ya mtaa. Ukuta huo naujua tangu utotoni: kuna reli, kuna sinema ya zamani, kuna mabwana wa kriketi wenye masharubu, na sisi hatupo. Mama wa maktaba akasema nafasi ipo kiangazi kizima, kwa sharti moja, kila kitakachobandikwa kiwe na ushahidi, naye atakuja kukiona siku tutakapokionyesha kwa wenyewe. Nilitoka pale nikitembea kama nimeolewa.

Ushahidi nilikuwa nao. Ukurasa wa ile mechi moja waliyoshinda, zamu ya mwisho, alama zimelingana, Auntie ameandika: "Baba Shiro kavusha mpira uzio!!!" Alama tatu za mshangao. Na Shiro si ndiye mimi? Nililia peke yangu chumbani. Baba yangu, mtu anayetunza wazee huko Neasden na kurudi nyumbani bila kusema neno juu ya siku yake, kumbe alikuwa shujaa na hakuwahi kutuambia!

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikaamua nisimuulize mtu yeyote. Nilitaka iwe sapraizi.

Nikatengeneza bango la baba, nikalipeleka kwa mzee Hasmukh, mwenye duka la kuchapisha Kingsbury Road, ambaye alizaliwa Kisumu na Kiswahili chake hakijawahi kuhama. Akaitazama picha ya baba, urefu wa mita mbili, akanitazama mimi.

"Binti, huyu mzee mwenyewe ameona hii?"

"Bado, Uncle. Ni sapraizi."

"Sapraizi ya harusi mimi najua. Sapraizi ya historia bado kuona." Akachapisha lakini. Mimi nilirudi dukani mara tatu kukagua nafasi kati ya herufi.

Siku yenyewe ukumbi wa kanisa ulijaa, wachezaji wa zamani na vitambi vyao, wake zao, wajukuu, na mama wa maktaba mbele kabisa na daftari lake dogo. Nilisoma historia kwa Kiswahili kama dakika ishirini, watu wakicheka mahali pa kucheka, nikaona leo nimeweza. Nikavuta shuka lililofunika bango. Baba akatokea ukutani, mita mbili, na chini yake: BABA SHIRO, ALIYEVUSHA MPIRA UZIO, pamoja na tarehe ya mechi.

Wazee wakaanza kutazamana. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikadhani wameguswa, kwa hiyo nikaongeza kuni: nikamwita baba mbele, nikamkabidhi rungu la kuchezea, nikampa kipaza sauti.

"Shiro," baba akaanza, "mimi kwa kweli..."

"Baba, leo usijishushe!" nikamkatiza, na watoto wakapiga makofi.

Auntie Nyambura akainuka polepole. "Shiro mama, hebu tusomee hiyo tarehe hapo kwenye bango."

Nikaisoma. Ilikuwa siku ya mwezi wa Juni.

"Na wewe umezaliwa lini?"

"Aprili."

"Ya mwaka gani?"

Nikahesabu kwa vidole. Aprili ya mwaka uliofuata. Nilikagua herufi, rangi, mikato na nukta, na kitu pekee ambacho sikukagua ni kama mimi nilikuwepo duniani.

"Siku hiyo," Auntie akaendelea, "huyu baba yako alikuwa anaitwa Mwangi tu. Hata mimba yako haikuwa imeingia. Baba Shiro ni yule pale." Akaonyesha mstari wa tatu.

Uncle Gitau! Ambaye binti yake maisha yangu yote nimemjua kama Cynthia, na ndiyo, Cynthia ni Wanjiru pia, jina la nyanya yake, na enzi hizo pale uwanjani yeye ndiye alikuwa Shiro wa pekee. Uncle akapunga mkono wenye sambusa. "Mimi niko sawa. Endeleeni."

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia.

Mama wa maktaba peke yake hakucheka, kwa sababu hakuelewa neno hata moja, na hilo wazee waliliona kabla yangu. "Acha likae hivyo," Uncle Gitau akasema, na alisema kwa upendo. "Huyu mama atajuaje ni Baba Shiro yupi? Ukimwambia, ukuta umeenda." Wote wakaitikia, acha, acha, usiharibu kitu kizuri.

Mimi, ambaye huomba radhi hata nikikanyagwa kwenye treni, nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapana." Nikasema bango ni langu, kosa ni langu, na nitalisahihisha mbele ya hao hao walionicheka. Nikamweleza mama wa maktaba yote kwa Kiingereza, bila kupunguza. Nikachukua kalamu nene ya wino, nikaanza kukata maneno chini ya picha ya baba na kuandika: Gitau. Bango lilikuwa linacheza, mpaka baba akaja akalishika pembe akalivuta likanyooka.

"Sasa na mimi niandike," akasema.

"Nikuandike nini, baba?"

"Si ulisoma wewe mwenyewe."

Nikaelewa. Yule Mwangi wa ukurasa wa nne wa daftari, ambaye dakika chache nyuma nilimsoma kwa mbwembwe nikidhani ni Mwangi mwingine, aliyetolewa mara tisa msimu mmoja bila kuugusa mpira, watu wakashika mbavu na baba akacheka kuliko wote.

"Na si tisa," akasema. "Andika kumi na moja. Mbili Nyambura alinihurumia."

"Tatu!" Auntie akapiga kelele kutoka nyuma.

Mama wa maktaba alilichukua bango hivyo hivyo, na makato yake, akisema hajawahi kuona ushahidi ukitolewa mbele ya mashahidi wote. Liko ukutani sasa, nendeni mkacheke. Anayetaka niache kuandika atangoja sana, kwa sababu nimeshaanza kuandika historia ya timu nyingine, ya manesi wenyewe na raundaz yao. Ninachoapa ni kimoja: sitaandika tena juu ya mtu kabla sijamuuliza, hata akiwa baba yangu. Hasa akiwa baba yangu.