Ubao Uliopigwa Mnada Kanisani

Moyo ulinidunda siku chenso, ule msumeno wa injini, iliponguruma shambani kwetu, huku Uru. Mti wa kwanza wa mgrivelia ulilala pale pale nilipotaka ulale, haukuvunja hata mgomba mmoja, nami nikapiga yowe mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimeumia.

Baba hakutoka. Mimi ndiye kitinda mimba, niliyebaki nyumbani na kuachiwa kihamba, shamba la ukoo wetu. Mibuni yake ilikuwa imezeeka na kuugua, haizai, nikaing'oa safu nzima nikapanda miti ya mbao. Kwa Mchagga wa umri wa Baba, kung'oa kahawa ni kubomoa nyumba watu wakiwa ndani. Kahawa ndiyo iliyotusomesha sote. Aliniambia mara moja tu, "Umeng'oa kahawa ukapanda kuni." Tangu hapo hakukanyaga upande ule. Akienda kwa jirani alizunguka na mfereji, iwe jua, iwe mvua. Tulikula pamoja, tulicheka pamoja, lakini miti haikutajwa. Iliniuma sana. Ila nami ni mbishi, mtoto wa nyoka ni nyoka: nilitaka aingie mle kwa miguu yake mwenyewe.

Na miti ilikua utadhani inakimbizwa! Matawi yakawa kuni za mke wangu, majani yakawa malalo ya ng'ombe, nami kila asubuhi niliikumbatia kupima unene huku majirani wakinicheka.

Mbao zilipokauka kivulini, nikachagua ubao mmoja nikaupeleka kanisani Jumapili ya mavuno, uwe malimbuko yangu. Kwetu sadaka ya shamba haiishii madhabahuni. Baada ya ibada hupigwa mnada uwanjani: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo. Ubao haukuwahi kuonekana pale, na watu wakaguna. Ndipo fundi seremala mmoja wa Majengo, kule mjini, aliyekuja kusalimia ukweni, akalowesha kidole kwa mate na kuusugua. Madoa ya ubao yakang'aa kama hariri.

"Mbao hii imetoka hapa hapa?" akauliza, na bila kungoja jibu akataja bei. Nilitaka kuruka!

"Naongeza," ikasema sauti kutoka benchi la wazee. Alikuwa Baba.

"Meku, mzee wetu, huu ni ubao," mnadishaji akamtania. "Jogoo tumeshauza!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba hakucheka. Fundi akapanda dau, Baba akapanda. Fundi akapanda tena, Baba akasimama na fimbo yake akapanda zaidi, mpaka fundi akanyoosha mikono juu: "Mzee, chukua, Mungu akubariki." Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilisahau hata kupiga makofi.

Niliubeba ubao nikimfuata nyuma. Njia nzima alizungumzia mahubiri, kwamba yalikuwa marefu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kukata majani ya ng'ombe, nikamkuta ndani ya migrivelia, kwenye pengo la mti tulioangusha, amepiga magoti anashindilia udongo kwa mikono. Alikuwa ametoa mche kitaluni kwangu bila kuniuliza, tena ule ulionyooka kuliko yote!

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Udongo wa huku mzuri."

"Baba, huo mche nilishamwahidi mtu."

"Mwambie umeibiwa."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Yeye akajishika kwenye fimbo, akainuka taratibu, akatazama vilele vya ile mingine iliyosimama. Umri wake umeshapita themanini.

"Huu mpaka utoe mbao ni miaka mingapi?"

Nilitamani kumdanganya. "Kumi na mitano, Baba, ukitaka mbao nzuri."

Akapangusa udongo magotini.

"Nitausubiri," akasema. "Lete maji."